Rimu Nne za Wifi Yangu

Kaka yangu Tamotsu ni mwongo. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafutia visingizio. Mimi nimemtafutia miaka sabini na vimekwisha. Haibi, hapigi mtu, na pombe anakunywa kistaarabu. Uongo wake ni mmoja tu, ila huo ameusema kila siku tangu alipooa: kazi ya mkewe anaiita yake.

Mke mwenyewe ni wifi yangu Yaeko, na habari hii ni yake.

Sisi akina Igarashi ni watu wa Tsubame, mji wa vijiko na uma. Kama umewahi kula hotelini kwa kijiko kinachokuonyesha pua yako mwenyewe, huenda kilipita hapa kwetu. Zamani kila uchochoro ulikuwa na karakana ya bati iliyobandikwa ubavuni mwa nyumba, na ndani yake mota mbili, vumbi jeusi, na mume na mke waliofunga vitambaa usoni. Mume alikaa kwenye mota ya kwanza, ile yenye duara gumu la katani, akiondoa makovu ya mashine. Mke alikaa kwenye ya pili, yenye duara laini la pamba, na hapo ndipo chuma kilipogeuka kioo. Mzigo ukiondoka, ulikuwa mzigo wa mume. Hakuna aliyeuliza.

Mimi sikung'arisha. Niliajiriwa kwenye ghala la Bwana Tsukada, tajiri aliyekuwa akizigawia karakana kazi na kuukusanya mzigo ukishaiva. Kwa miaka thelathini na moja nilikagua vijiko na uma na kuvifungasha. Kwa hiyo ninapozungumzia mkono wa Yaeko sizungumzi kama ndugu. Kijiko cha mtu mwingine ukikigeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha, mwanga hukatika mahali, hasa shingoni, pale mpini unapokutana na bakuli. Kwenye cha Yaeko mwanga uliteleza kuanzia ncha hadi ncha bila kujikwaa. Nilikuwa nakitambua hata kikichanganyika na vya karakana kumi.

Bwana Tsukada alikuwa akikiinua juu na kusema mbele yetu sote, "Tamotsu ana mkono jamani!" Na Tamotsu, akiwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, alikuwa akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu ule ulikuwa ukinichefua. Angalau angejigamba kidogo, ningepata pa kumshikia.

Mwaka aliotimiza hamsini, chama cha wang'arishaji kikampa tuzo ya fundi bora. Alivaa suti. Yaeko hakwenda, kwa sababu kulikuwa na uma mia sita za kutoka kesho yake. Nilirudi kutoka kwenye sherehe nikamkuta karakanani, macho mawili tu ndiyo meupe, kwingine kote mweusi.

"Hongera, wifi," nikamwambia.

"Hongera ya nini? Si wamempa yeye?"

"Vile vijiko walivyoviweka kwenye kabati la kioo ni vya nani?"

"Nobue, usinitafutie ugomvi. Uma hizi zinatoka kesho."

Ndivyo alivyo. Mimi nilichemka wiki nzima. Yeye hakuwa na nafasi ya kuchemka.

Baadaye kazi ikapungua, mota moja ikafungwa, kisha na ya pili. Tamotsu alipofika miaka sabini na miwili akanunua gari alilolitamani tangu ujana: la milango miwili, la mwaka sabini na tisa, rangi ya maziwa, limeoza sakafu. Miaka miwili akashinda nalo kwa Kumakura, mwenye gereji ya hapa mtaani ambaye pia anaruhusiwa kukagua magari. Kumakura akaifumua injini na kuirudisha, akaunga sakafu, akapaka rangi. Zikabaki rimu. Tamotsu akaziagiza Nagoya kwa mtu aliyekuwa anauza kwenye mtandao, rimu nne za alumini za zama zile zile. Zilikuja zimevaa masizi ya breki, rangi yake ya juu inabanduka, kingo zimetafunwa na mawe ya barabarani.

Akaanza kuzisugua mwenyewe, nakiri. Alichuchumaa mbele ya karakana na ndoo ya maji na msasa. Nusu rimu! Akatoka kwenye msasa mkali wa namba mia mbili na arobaini akarukia ule laini wa mia nane, akashangaa mikwaruzo haitoki, bega likaanza kumuuma, akaita, "Yaeko, hebu nishikie hapa kidogo."

Kidogo hicho kilianza mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika madirishani, kikaisha mwishoni mwa mwezi wa nne. Tamotsu hakuishika ile kazi tena.

Yaeko alianza upya kabisa. Akaipaka ile rimu dawa ya kutolea rangi, akakwangua kwa kipande cha mwanzi ili asiichubue. Halafu msasa wa maji: mia mbili arobaini, mia nne, mia sita, mia nane, elfu moja, elfu moja mia tano, elfu mbili. Kila namba aliisugua kwa kuikata njia ile iliyotangulia, ili aone makovu ya zamani yanakufa kabla hajatengeneza mapya. Kwenye vijiko alikuwa na mota. Rimu ina mapindo na mashimo ambayo mota haifiki, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa ya vidole. Na alumini si chuma cha pua. Ni laini, ukiisugua kwa haraka inapata joto na kujipaka yenyewe kama siagi. Alijifunza hayo akiwa na miaka sabini na moja, bila wa kumfundisha. Vidole vilimpasuka kwa maji ya baridi akavifunga plasta na kuendelea.

Nilimpelekea maandazi ya mchele yaliyofungwa kwa majani, akala mkono ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili asiyatie weusi.

"Wifi, utakufa kwa ajili ya gari ambalo hata huna leseni ya kuliendesha," nikamwambia.

"Tazama hapa kwanza." Akageuza rimu kwenye mwanga. "Unaona inavyozunguka? Kijiko hakina mahali papana hivi."

Alikuwa anafurahi. Nilisahau kukasirika siku ile, na mimi huwa sisahau.

Sasa nieleze kitu kimoja kuhusu kazi yetu, maana bila hicho hamtaelewa. Kwenye kijiko, mhuri wa kiwanda huchapwa kwa kuzama ndani. Kitu kilichoinuka juu ya uso wa kijiko ni kosa: tone, ukingo, uchafu wa mashine. Wang'arishaji walifundishwa hivyo tangu siku ya kwanza, macho yaelekee kwenye mota na kidole ndicho kitazame: kidole kikikwama, futa. Sasa kwenye kila rimu, kati ya tundu mbili za nati, kulikuwa na herufi tatu zilizoinuka, J, W na L, ndogo kuliko punje za mchele, zimezibwa na masizi. Kidole cha Yaeko kikakwama. Akafuta.

Rimu ya kwanza ilipokamilika akampelekea Tamotsu sebuleni, akamwekea mapajani juu ya gazeti.

"Angalia," akasema.

Tamotsu akajitazama ndani yake, akatengeneza nywele, akasema, "Safi." Kisha akaibeba kwenda kuionyesha kwa majirani, na mimi nikiwa dirishani pangu, nyumba ya pili, nikamsikia akisema, "Nimetoa jasho na hii, acheni tu." Kumbukeni siku hiyo. Rimu tatu zilizobaki zilikuwa bado na herufi zake.

Mwezi wa tano kuna maonyesho ya magari ya zamani, kwenye uwanja wa majani kando ya mto Shinano. Kila gari husimamishiwa kibao chenye mwaka wake, mwenye gari, na waliolifanyia kazi. Jioni moja nilikuwa mezani kwao tunakula, na Tamotsu alikuwa akitusomea fomu ya washiriki: injini, Kumakura, rangi, Kumakura. Yaeko akaweka bakuli chini.

"Kwenye rimu uandike jina langu."

Tamotsu akacheka kwanza, akidhani ni utani. "Jina lako wewe?"

"Kumakura si umemwandika."

"Kumakura ni fundi!"

"Na huyu ni nani?" nikauliza mimi.

"Nobue, hii si nyumba yako."

"Nyumba si yangu lakini masikio ni yangu. Mwenzio anakuomba kitu."

Akakunja ile fomu, akaitia mfukoni. "Tutaona," akasema.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Yaeko aliniambia kwa sauti ya chini, mgongo akiwa amenipa, "Katika miaka arobaini na sita sijamwomba kitu, wifi. Hiki nakitaka."

Nikamwambia atakipata. Sijui nilimwambia kwa mamlaka gani.

Ukaguzi ulikuwa Alhamisi, maonyesho Jumapili. Nilimpakia Yaeko kwenye kigari changu tukalifuata lile gari la rangi ya maziwa hadi kwa Kumakura, likiwa juu ya lori la kubebea magari, rimu zinawaka jua la asubuhi kila kona. Watu walisimama kutazama. Yaeko alikaa kando yangu akiziangalia mbele yetu, na mikono yake yenye plasta aliiweka mapajani kama mgeni.

Kumakura alipima taa, zikapita. Breki zikapita. Moshi ukapita. Kisha akachuchumaa mbele ya rimu ya kwanza na tochi, akakaa pale muda mrefu kuliko kawaida. Akaenda ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akasimama, akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Mzee," akamwambia Tamotsu, "herufi ziko wapi?"

"Herufi gani?"

"Si zile za kwenye rimu. J, W, L. Zinazosema rimu ilipimwa na inaweza kubeba gari."

Nilimwona kaka yangu akigeuka rangi. Alichuchumaa, akapitisha kidole pale kati ya tundu za nati. Kidole kikateleza.

"Bila hizo siwezi kulipitisha," Kumakura akasema. Alikuwa anaumia, yule kijana wa miaka hamsini. Gari lile lilikuwa na mikono yake pia. "Sheria ndiyo hiyo. Ni rimu ile ile, mimi naijua na wewe unaijua, lakini kwa sheria sasa hivi ni alumini isiyo na jina. Inaweza kuwa sufuria. Na siwezi kuzichonga tena, hiyo itakuwa kughushi."

Kulikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye viti wakisubiri magari yao, na mke wa Kumakura nyuma ya meza. Wote walikuwa wakitutazama. Na hapo, mbele yao, Tamotsu akainuka na kumnyooshea Yaeko kidole.

"Si mimi," akasema. "Ni mke wangu. Rimu zote nne kazing'arisha yeye. Mimi sikugusa hata moja."

Nilisubiri miaka arobaini na sita kuisikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwake. Ndiyo hiyo, neno kwa neno. Niliisubiri kwenye ghala, niliisubiri kwenye sherehe ya tuzo, niliisubiri kwenye harusi ya mwanawe na kwenye mazishi ya baba yetu, ambako watu walimpa mkono na kumwambia baba alikuwa akijivunia vijiko vyake. Akaitunza miaka yote hiyo, akaja kuitoa pale.

Yaeko alimwinamia Kumakura kwanza. "Samahani kwa usumbufu. Ni kweli, ni mimi." Kisha akauliza, kwa adabu ile ile, "Naomba kujua. Mwenye gari la zamani huwa anazijua hizi herufi?"

Kumakura akatazama sakafu. "Kila mwenye gari anazijua, mama."

"Ahaa." Akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo ulizijua."

"Nilidhani na wewe unajua!"

"Gari sina. Leseni sina. Ningezijulia wapi?"

"Mtu una macho!"

"Rimu ya kwanza nilikuwekea mapajani. Nikakuambia angalia."

Tamotsu akafungua mdomo. Mimi nikaufungua wangu. Yale niliyoyasema sitayaandika yote, kwa sababu mke wa Kumakura ni mwanamke wa heshima na ilibidi ajifanye anajibu simu ambayo haikulia. Nilimwambia ni kupe. Nilimwambia amekula jasho la mwenzake tangu ujana na leo ameona mfupa ndiyo anamkumbuka mpishi. Yeye alisimama tu akiniangalia na kusema, "Nobue, watu. Nobue, watu." Kumbe watu anawajua!

Kumakura ndiye aliyetuokoa. Nyuma ya gereji alikuwa na rimu nne za aina ile ile, za gari lililopata ajali miaka mingi iliyopita, zimeota kutu nyeupe lakini nzima, herufi zake zipo. Akasema atazifunga Jumamosi mchana na kulipitisha gari, hata zikiwa chafu zilivyo.

"Chafu haiwezekani," Tamotsu akasema. Akamtazama Yaeko. "Tuna siku mbili."

"Una siku mbili," Yaeko akamjibu. "Mkono wangu mimi unafuta herufi, umewaambia watu mwenyewe. Zing'arishe wewe, usije ukaharibikiwa tena."

Tukarudi nyumbani. Kwa siku mbili nikawa nasikia drili aliyoifunga duara la pamba ikipiga kelele karakanani, mara inazimwa, mara inawashwa. Yaeko alianika nguo, alipika, alimpelekea chai saa nne na saa tisa kama siku zote, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuondoka bila neno. Msiseme alimsusa. Alimpa kila kitu isipokuwa mikono.

Na msidhani alikuwa anashangilia. Ijumaa nilimkuta nyuma ya nyumba, zile rimu zake nne zimelazwa juu ya gunia, anapitisha kidole pale palipokuwa na herufi.

"Kosa ni langu pia, wifi," akasema. "Nilihisi kitu kimeinuka, nikakifuta bila kuuliza."

"Ungemuuliza nani?"

"Ningeuliza tu. Kazi mpya, mtu unauliza." Macho yalikuwa yamemjaa. "Sijawahi kuharibu mzigo wa mtu. Hata mmoja."

Yeye aliyekosa alikuwa analia, na yule aliyenyamaza alikuwa anawasha drili.

Jumamosi asubuhi Tamotsu akaja mlangoni kwangu, mweusi mpaka masikioni.

"Dada, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Anisaidie ile hatua ya mwisho tu. Nimefika mbali, imebaki kumalizia."

"Kumalizia ndiyo kazi yenyewe, Tamotsu. Hujui?"

"Najua," akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Basi kamwambie yeye hivyo hivyo. Kwamba unajua."

Alisimama pale akikwangua weusi kwenye kucha. Nilikaribia kumwonea huruma, nikajikasirikia kwa hilo. Kisha akageuka akaenda zake, si kwa mkewe, kwenye drili.

Jumapili kulikuwa na upepo, mashamba yote yamejaa maji ya kupandia mpunga, na uwanjani magari mia na zaidi. Waandaaji walikuwa wameshasimamisha vibao wenyewe, vimechapwa vizuri kutokana na fomu. Yaeko akaenda moja kwa moja kusoma. Nikamfuata. *Injini: Kumakura. Rangi: Kumakura. Rimu, kung'arisha: Igarashi Tamotsu.* Chini kabisa, kwa herufi ndogo, tarehe fomu ilipopokelewa. Nikahesabu kichwani. Aliituma kesho yake baada ya ile jioni ya "tutaona".

Yaeko alisoma mara moja tu. Akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

Na rimu zilikuwa pale kwa kila mwenye macho kuziona. Zilikuwa zinang'aa kwa mbali, nisimsingizie. Ukisogea, ungeona kutu iliyobaki kwenye mapindo, na mikwaruzo ya msasa wa kwanza ikizunguka chini ya mng'ao. Watu walipita wakasema "safi safi" na kuhamia gari lingine. Tamotsu alikuwa amesimama mahali ambapo mguu wake ungeziba ya mbele.

Ndipo akaja Bwana Tsukada na fimbo yake. Ana miaka themanini na sita, ghala aliliuza zamani, lakini kila kinachong'aa hapa mjini lazima akishike. Akasoma kibao. Akafurahi, akampiga Tamotsu begani, akainama kwa taabu na kupitisha kidole gumba kwenye ukingo wa rimu. Akakirudisha. Akasogeza kichwa huku na huku akiutafuta mwanga.

"Hizi," akauliza, "nani kang'arisha?"

Tamotsu akaniangalia mimi, akamwangalia mkewe. Niliujua mdomo ule unavyojikunja. Alikuwa anatafuta sentensi ya Alhamisi. Lakini Yaeko akamwahi.

"Ni mume wangu, Bwana Tsukada," akasema kwa sauti iliyofika magari matatu, na akainama kwa heshima zote. "Zote nne. Mimi sikugusa hata moja."

Tamotsu hakuinua uso. Shingo yake ilikuwa imeiva mpaka nyuma ya masikio. Mimi nilitaka kupiga makofi, na nafikiri ningepiga, kama yule mzee angeondoka. Hakuondoka. Alijiinua kwa fimbo yake, akaitazama mikono ya Yaeko yenye plasta, na akacheka kwa upole, kama mtu anayetaka kutoa zawadi.

"Nilijua, mama," akasema. "Vile vijiko. Siku zote nilijua ni mkono wako. Sote pale ghalani tulijua."

Nilidhani Yaeko atafurahi. Alinyooka kama aliyepigwa kofi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye ukoo wetu nikamsikia akipandisha sauti.

"Mlijua?"

"Bila shaka. Ndiyo maana mzigo mgumu nilikuwa nawapa ninyi."

"Mlijua, na kila siku mnasema Tamotsu, Tamotsu? Mimi nilidhani hamjui! Nilikuwa nasema moyoni, hawajui hawa, wangejua wangesema. Miaka yote nimewasamehe kwa hilo!"

Watu waligeuka. Yaeko hakumngoja Bwana Tsukada ajibu. Alinigeukia mimi.

"Na wewe, wifi. Pale ghalani majina ya kwenye makasha alikuwa anaandika nani?"

Mimi. Kwa wino mweusi, kwa mwandiko wangu mzuri ninaosifiwa, makasha yote ya miaka thelathini na moja: Igarashi Tamotsu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nikiandika huku nimekasirika, kisha nakwenda kwake jioni kumwonyesha hasira yangu, naye ananipa chai.

Hasira ilikuwa imeshanifika mdomoni, kama kawaida yangu, na sikuona wa kumtupia. Nikamwambia samahani. Sikuwahi kumwambia neno hilo, kwa sababu maisha yangu yote nilijiona niko upande wake.

Hakuniambia, "Si kitu, wifi."